Kitambaa cha Jikoni na Akiba ya Familia

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Chama cha ushirika hupimwa kwa hesabu zake mkutano mkuu unapofika. Familia nayo yastahili kupimwa vivyo hivyo, ingawa daftari lake ni nadra kufunguliwa. Miongoni mwa matumizi yapitayo bila kuandikwa ni karatasi laini za kufutia jikoni. Roli za karatasi hizo zilianza kuuzwa kwa ajili ya jikoni huko Marekani mwaka 1931, na kampuni ya Scott. Siku hizi zapatikana katika maduka ya miji ya Afrika Mashariki, na hazikukosa kuingia katika nyumba za wanaushirika.

Familia imalizayo roli moja kwa juma hununua roli 52 kwa mwaka, na 520 kwa miaka kumi. Hakuna hata moja isaliayo. Zote huishia shimo la taka. Katibu ajuaye kazi yake atatambua kwamba hiyo ni gharama isiyoacha mali.

La kusikitisha zaidi ni mkulima wa pamba wa Mwanza, Shinyanga au Simiyu kuuza zao lake, kisha kutoa sehemu ya malipo kununua kitu kilicho dhaifu kuliko zao hilo. Nyuzi za pamba hunywa maji, tena zikilowa huongezeka nguvu. Karatasi ikilowa hulegea na kukatika.

Kuanza hakuhitaji fedha. Khanga iliyochakaa, yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110, hutoa vipande 15 vya sentimita 30 kila upande. Kingo zipindwe ili zisifumuke. Lakini khanga yenyewe iwe ya pamba, kwa maana ziko nyingine za poliesta, nazo hazinywi maji vizuri. Kipimo ni rahisi: lidondoshwe tone la maji. Likizama upesi, kitambaa chafaa. Likibaki juu, kiachwe. Kitambaa kipya kifuliwe kwanza, kwa sababu wanga wa kiwandani huzuia maji.

Wako wasemao kwamba kitambaa ni kichafu na karatasi ni safi. Hoja hiyo isidharauliwe. Kitambaa kibichi kilichoachwa kimekunjwa kando ya sufuria hulea viini vya maradhi, na kukitumia siku tatu mfululizo ni kuvisambaza mezani. Basi kila asubuhi kitolewe kitambaa kikavu. Cha vyombo kisifute sakafu. Vitofautishwe kwa uzi wa rangi ukingoni. Kilichogusa damu ya nyama au ya kuku kitengwe mara moja. Vyote vifuliwe kwa sabuni, vichemshwe, kisha vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Matapishi ya mgonjwa yafutwe kwa tambara kuukuu, nalo lichomwe moto.

Liko jambo moja zito kuliko yote. Vitambaa hufuliwa na nani? Ikiwa baba atajisifu kwa akiba, huku mama akiongezewa ndoo ya maji na beseni la kufua, hiyo si akiba. Ni gharama iliyohamishwa kutoka mfuko mmoja na kutwikwa mgongo mmoja. Ushirika hauruhusu mwanachama mmoja alime na wengine wagawane mavuno. Nyumbani pia haifai. Zamu ya kufua iandikwe, na jina la baba liwemo, na majina ya watoto wa kiume yawemo pamoja na ya dada zao.

Fedha iliyokuwa ikinunua roli isiachwe kuelea mfukoni, maana itatoweka bila kuonekana. Itengwe siku ile ile ambayo roli ingenunuliwa, iandikwe katika daftari la nyumba, na kila miezi mitatu ipelekwe katika chama cha akiba na mikopo. Mwisho wa mwaka familia yote ikae, daftari lisomwe kwa sauti, na watoto wasikie. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Umoja ni nguvu, nao huanzia nyumbani.