Nusu franka kwa mia: wakulima wa soya wanaojilipia utafiti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu)



Mulituomba tueleze ile habari ya wakulima wa soya wa Marekani wanaojilipia utafiti, juu kamati inataka kujaribu kitu kama hicho hapa kwetu. Tutasema kwanza vile wanafanya kule, kisha mutajiamulia.

Kule kuna sheria ya mwaka 1990. Mkulima akiuza soya, mnunuzi wa kwanza anakata nusu ya asilimia moja ya bei. Ni kusema, ukiuza ya franka 200 000, inatoka 1 000. Nusu inabaki katika jimbo lake, nusu inaenda kwa baraza la taifa, United Soybean Board, ambalo wanaokaa ndani ni wakulima wenyewe. Sheria inakataza feza hiyo kutumiwa kwa kusukuma siasa za serikali. (Hapo musicheke, tunajua munafikiri nini.) Mwaka 1994 walipiga kura, wakaikubali. Tusidanganyane: kukatwa ni lazima, na wako wanaonung’unika.

Sasa wanapata nini? Kuna kidudu chembamba cha udongoni, nematodi, kinachoshika mizizi ya soya. Kilionekana Marekani mara ya kwanza mwaka 1954. Ubaya wake, shamba linaweza kubaki kijani kabisa, mwenyewe anapita anafurahi, kumbe mavuno yamekwisha kupungua. Mayai yake yanakaa udongoni miaka mingi. Mbegu za kupambana nacho zipo, lakini karibu zote zilipata nguvu yao kwa mzazi mmoja tu, soya inayoitwa PI 88788. Kila msimu ile ile, ile ile, mpaka kidudu kikazoea.

Muuza mbegu hana haraka ya kukuambia hivyo. Katika jimbo la Iowa, chuo kikuu kilikuwa kinapanda mbegu za makampuni mbalimbali, kinapima mavuno, kinahesabu mayai ya kidudu, kisha kinatangaza matokeo kwa jina la kila mbegu. Chama cha wakulima wa soya kilichangia gharama. Huko North Dakota, baraza la wakulima limelipia upimaji wa udongo kwenye maabara. Kwetu sisi faida kubwa ni hiyo: mwenye shamba ndiye anayeuliza swali, na jibu linarudi kwake.

Tuangalie karibu. Uganda, mwaka 1996, kutu ya soya ilishambulia na mbegu zilizokuwa zinapandwa zikashindwa. Chuo kikuu cha Makerere kilitafuta, na mwaka 2004 ikatoka Maksoy 1N, inayostahimili kutu. Miaka 8. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuishi ndani ya mradi wa miezi 18.

Hapa soya ni uji wa masoso, ni kinga ya bwaki kwa watoto. Lakini tunapanda ile tuliyopewa. Kambini tulipewa, tuliporudi tulipewa tena. Mradi unakuja na mbegu yake, unaisha, na daftari la kilo unaondoka nalo. Anayelipa anauliza yake: kilo ngapi zimegawanywa, watu wangapi wamefundishwa. Mama wa mlimani swali lake ni lingine: kati ya hizi mbegu, ni ipi itastahimili kutu kwenye udongo wangu uliochoka? Na ule unga wa bakteria wa mizizi, nikiununua, kweli utanizidishia?

Maswali hayo hayahitaji maabara. Mbegu nne kwa mistari, upande kwa upande, mashamba sita, tarehe moja, palizi moja. Maua yakitoka, ng’oa mche, pasua vifundo vya mizizi: vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi, vikiwa vyeupe ao kijani, hapana. Wakati wa kuvuna tunapima kwa mizani, si kwa macho. Na shamba moja halitoshi, juu mbuzi wa jirani anaweza kuharibu matokeo yote.

Kamati inapendekeza franka 1 000 kwa kila 200 000 ya soya inayopita katika ghala la chama. Haitalipa mtafiti. Italipa mbegu za majaribio, madaftari na mafuta ya pikipiki ya agronomu. Wafadhili, tunawaomba muongeze juu ya franka yetu, lakini swali mutuachie.

Shida moja hatujaimaliza. Anayeuza barabarani hatakatwa kitu, na matokeo atayasikia vilevile. Marekani walifunga mlango huo kwa sheria. Sisi hatuna sheria, tuna aibu na ujirani tu. Wengine wanasema matokeo yasomwe kwa waliotoa peke yao. Sisi wa terrain hatukubali, juu kutu ikikaa kwa jirani itavuka mpaka wa shamba.

Kura itapigwa ghalani, kabla ya kununua mbegu za msimu. Atakayesema hapana aseme na sababu, iandikwe katika daftari.