Paka wa Nyumba Haingwa, Hata Akiuma

Ndugu msikilizaji, wazee wetu walituachia msemo usemao: paka wa nyumba haingwa. Aliye wa nyumbani hafukuzwi kama ndege wa shambani. Kwa kawaida tunausema kwa ajili ya watu. Leo naomba niuchukue kama ulivyo, tumzungumzie paka mwenyewe: yule aumaye, aparuraye, na yule ajilambaye mpaka ngozi ikatoka vidonda.

Katika nyumba moja ya kupanga huko Magomeni, Dar es Salaam, nilimkuta paka dume ambaye wapangaji walikwisha mhukumu. Alikuwa akijificha nyuma ya mlango na kurukia miguu ya kila apitaye. Tumboni alijilamba hata manyoya yakaisha. Siku alipomuuma mtoto wa jirani mkononi, mwenye nyumba alitoa amri: atiwe kwenye kiroba, akatupwe mbali. Mmoja akasema huyo si paka, ana jini. Mwingine akashauri sumu ya panya.

Katika kelele zote hizo, maswali mawili hayakuulizwa. Je, mtoto amepelekwa hospitali? Na je, paka huyu ana nini?

Nianze na la mtoto, maana ndilo zito. Jina la kichaa cha mbwa linatudanganya. Paka naye huupata ugonjwa huo, na huuambukiza kwa mate yake akimuuma mtu. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Lakini kabla ya hapo unazuilika. Mwaka 1885, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, na mtoto yule akapona. Tangu wakati huo hakuna sababu ya kukaa na jeraha nyumbani tukingoja tuone.

Basi mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake majivu, wala kahawa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Hupeleka vijidudu ndani kabisa, juu ngozi ikajifunga, na chini usaha ukajikusanya.

Sasa sikiliza hili. Paka aliyeuma, akiwa anaonekana mzima, hufungiwa mahali salama na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10, huku aliyeumwa akiendelea na matibabu yake. Ukimtupa kwenye kiroba umemnyima daktari ushahidi, na pengine umepeleka hatari mtaa wa pili. Lakini paka aliyebadilika ghafla, anayeyumba na kutokwa na mate, usimshike kabisa. Toa taarifa haraka kwa ofisi ya mifugo.

Nije kwenye swali la pili. Mwenye paka yule, mama mmoja mshonaji nguo, alikataa kumtupa. Aliwaambia wenzake: "Jamani, mwaka mzima amenikamatia panya. Leo anaumwa, ndiyo nimtupe?" Akampeleka kwa daktari wa mifugo. Alikutwa na viroboto tele, na jino moja limeoza. Dume lile lilikuwa halijahasiwa, na kutwa nzima lilifungiwa chumbani peke yake. Jini halikuonekana.

Paka hawezi kusema jino linauma. Ataficha maumivu, kisha utamgusa pabaya naye atauma. Wengine tunawafundisha wenyewe: kitoto cha paka tunakichezesha kwa vidole na kucheka kinapong'ata, halafu kikikua tunashangaa. Tena wengi huondolewa kwa mama yao mapema mno. Kitoto kinahitaji walau wiki 8 na mama na ndugu zake, kwani huko ndiko kinakojifunza kwamba ukiuma sana, mwenzako anaacha mchezo. Na yule anayejilamba bila kikomo, kwanza atazamwe viroboto na ugonjwa wa ngozi. Visipokuwepo, tutafute hofu au upweke.

Wengi wetu dawa tunayoijua ni ufagio. Kipigo hakimfundishi paka kuacha kuuma; kinamfundisha kwamba mkono wako ni adui. Tazama dalili: mkia unapigapiga, masikio yamelala nyuma, mboni zimepanuka. Hapo mwache, ondoka taratibu. Akirukia miguu, mpe kitu cha kukimbiza: kamba yenye kitambaa mwishoni, dakika 10 asubuhi na jioni, kisha mpe chakula. Ukimaliza ifiche kamba hiyo, asije akaimeza. Mpe pia mahali pa juu pa kukaa, karibu na dirisha.

Yule wa Magomeni aling'olewa jino, akatibiwa viroboto, akahasiwa. Mtoto alipata sindano zake zote. Baada ya wiki kadhaa manyoya yalianza kuota. Sisemi amekuwa malaika. Akikanyagwa mkia bado anauma, na hapo sina la kumlaumu.

Mwenye nyumba ana haki ya kutaka amani katika nyumba yake, na mzazi ana haki ya kumhofia mwanawe. Lakini haki hizo hazilindwi kwa kiroba. Zinalindwa kwa chanjo. Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, na watu wengi hupeleka mbwa peke yao kuchanjwa. Safari hii, ulizia chanjo ya paka pia.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo, wakati kama huu.