Efatha: Mlango Ufunguliwao kwa Wimbo

Dominika ya 23 ya Mwaka B
Masomo: Isa 35:4-7; Yak 2:1-5; Mk 7:31-37



Katika Injili ya leo watu wanamletea Yesu mtu aliye kiziwi na mwenye utasi. Bwana hamponyi kwa mbali, machoni pa makutano. Anamtenga faraghani, anamtia vidole masikioni, anamgusa ulimi, anainua macho mbinguni, na ndipo anapotamka neno moja tu: Efatha, yaani, funguka. Tuutafakari utaratibu huo. Asiyesikia hawezi kufundishwa kwa maneno matupu. Kwa hiyo Yesu anaanza na lugha ambayo mtu yule anaiweza, lugha ya kuona na kuguswa. Neno linakuja mwisho.

Leo twapenda kuwakumbuka watoto ambao mlango wao nao haufunguki kwa ufunguo tuliouzoea, yaani watoto wenye ulemavu wa akili. Na hatuna budi kuanza kwa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiihudumia, mama mmoja alituletea mwanawe wa miaka 12 ili aandikishwe katika darasa la Komunyo ya Kwanza. Tulimwuliza mtoto maswali matatu ya katekisimu. Hakujibu hata moja. Tukamwambia mama, kwa upole tuliodhani kuwa ni wema, amrudishe mtoto nyumbani. Mama hakubishana. Alisema tu, "Baba, huyu huimba Misa nzima." Nasi hatukumsikiliza. Siku ile kiziwi hakuwa mtoto.

Tulisahau kwamba tangu mwaka 1910 Mtakatifu Papa Pio wa X alikwisha kufundisha kuwa mtoto hadaiwi ujuzi kamili wa mafundisho ili apokee Komunyo ya Kwanza. Yampasa ayafahamu ya lazima kadiri ya uwezo wake, na atambue tofauti ya Ekaristi na mkate wa kawaida.

Katekista wetu alilisikia neno lile ambalo sisi hatukulisikia. Alimfuata mtoto nyumbani kwao. Akakata kadi kutoka katika boksi kuukuu, akaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa, akatunga wimbo mfupi wenye jina hilo. Jina lilikuwa na silabi tatu, basi makofi yalikuwa matatu. Kila kofi, kidole cha mtoto kiligusa silabi moja, kutoka kushoto kwenda kulia. Wimbo ule ule, kila siku, kwa mwendo wa polepole. Jina lilipokaa imara, ndipo likaongezwa neno la pili: mama. Kisha maji. Kisha hatari.

Pengine utauliza, mpenzi msikilizaji, kwa nini wimbo? Kwanza, mapigo huligawa neno katika vipande ambavyo sikio na mkono hupokea pamoja, na Kiswahili chetu, chenye silabi zilizo wazi, chafaa sana kwa kazi hiyo. Pili, mtoto huyu ahitaji kurudiarudia kuliko wenzake. Sentensi ikirudiwa mara 20 huchosha, lakini wimbo ukirudiwa mara 20 hufurahisha. Hata hivyo wimbo peke yake hautoshi. Watoto wengi wenye ugonjwa wa Down, kwa mfano, hukumbuka wanachokiona vizuri zaidi kuliko wanachokisikia, na wengi wao wana udhaifu wa masikio. Ndiyo maana kadi haina budi kuwa mbele ya macho wakati wimbo uko kinywani.

Katekista alijihadhari na mambo mawili. Alijua mtoto aweza kuimba kwa kukariri bila kusoma, hivyo alizichanganya kadi, tena alipunguza wimbo kidogo kidogo: kwanza kuimba, kisha kutamka kwa mapigo, kisha kusema, hatimaye kutazama tu na kujua. Pia hakutumia ngoma kubwa, maana wapo watoto ambao kishindo huwatia hofu.

Kanisa halikosi mifano ya subira kama hiyo. Maria Montessori, Mkatoliki wa Italia, alihitimu udaktari Roma mwaka 1896. Kabla ya kufungua nyumba yake maarufu ya watoto mwaka 1907, aliwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, akiwaacha wazifuatishe herufi kwa vidole. Baadhi yao walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walistaajabu. Yeye alijiuliza kwa nini watoto wenye afya walifundishwa vibaya kiasi cha kufikiwa na hao.

Ndugu wapenzi, hatuwaahidi miujiza. Baada ya karibu miaka miwili mtoto wetu alisoma maneno 11. Ulimwengu wenye kuhesabu utacheka. Lakini Mtume Yakobo anatuonya leo tusimpe mmoja kiti cha heshima na kumwambia mwingine asimame kule. Nasi twafanya hivyo kila tunapompima mtoto kwa haraka yake ya kujibu.

Wazazi, msiwafiche watoto hawa ndani. Makatekista, kabla ya kuuliza mtoto anashindwa nini, ulizeni anaweza nini. Wanakwaya, wapeni nafasi karibu nanyi, hata kama watapitwa na mapigo.

Mkesha wa Komunyo ya Kwanza tulikuwa ofisini tukiandika majina ya watoto kitabuni. Mtoto yule aliinama juu ya ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mkono wake wa pili ukapiga pajani mara tatu, taratibu. Kisha akasoma, kwa sauti, jina ambalo sisi tulikuwa tumekataa kuliandika.

Tumwombe Bwana atutie vidole vyake masikioni, sisi kwanza, na atuambie: Efatha. Amina.