Mamluki wa Vyuoni na Wanaowakodi

Michezo katika shule na vyuo iliwekwa ili imjenge kijana mwili, akili na tabia. Lengo hilo hubomoka siku ile ushindi unapogeuzwa kuwa bidhaa ya kununuliwa. Katika Uganda, kama ilivyo kwa majirani zake wa Afrika Mashariki, malalamiko yamekuwa yale yale msimu hata msimu: wachezaji waliopunguziwa umri, vijana wanaovaa jezi ya shule ambayo hawajapata kukalia dawati lake, na fedha zinazopita mkono kwa mkono bila stakabadhi. Wananchi wamekwisha kuwapa wachezaji hao jina: mamluki.

Mamluki ni askari anayepigana kwa ujira chini ya bendera isiyo yake. Lakini askari huyo hajikodi mwenyewe. Yuko aliyemtafuta, aliyemwahidi na aliyemlipa. Katika michezo ya wanafunzi jina hilo baya humwangukia kijana peke yake, na huyo aliyemkodi hubaki ameketi katika kiti cha wageni wa heshima. Udhaifu huo unaonekana wazi zaidi pale ambapo kijana hana kitu cha kumkinga.

Chukua mfano wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea Wanyarwanda, na katika miaka ya karibuni yamekuwa na watu zaidi ya 150,000, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, wenye shule za sifa kama Ntare, iliyofunguliwa mwaka 1956, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kwenda aendako nchini na haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo si sheria inayomzuia kijana wa Juru au Rubondo asisome Mbarara na kuichezea timu ya huko. Kinachomzuia ni karo.

Mkono mtupu haulambwi. Akitokea mtu anayeahidi karo, godoro na viatu vya mpira, mzazi mkimbizi hana nguvu ya kuuliza maswali mengi. Ahadi yenyewe haiandikwi popote. Endapo cheti cha kuzaliwa kilibaki Kivu, au hakikupata kuandikwa, mwenye kukodi huona hapo nafasi badala ya kikwazo: hutengeneza karatasi yenye umri anaoutaka, na pengine jina analolitaka. Kijana akivunjika goti, ahadi imekwisha. Udanganyifu ukigunduliwa, kijana hufungiwa, na aliyemleta huenda kutafuta mwingine.

Kwa mkimbizi hasara hiyo haiishii uwanjani. Jina na umri wake vimo katika daftari la wakimbizi, na daftari hilo ndilo linalomwezesha kupata posho ya chakula, hati ya kusafiria, au nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Siku karatasi ya shule itakapopingana na daftari hilo, yeye ndiye atakayeitwa mwongo, na katika jambo kubwa kuliko kombe lolote. Uganda inajua gharama ya majina ya uongo. Februari 2018 maafisa waandamizi wa idara ya wakimbizi walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi na kutumia vibaya misaada. Uhakiki wa alama za vidole uliofuata mwaka huo uliwathibitisha wakimbizi kama milioni 1.1, wakati waliokadiriwa walikuwa milioni 1.4. Michezo nayo imepata kuonja. Mwaka 2011 timu ya watoto ya besiboli kutoka Kampala ilifuzu kwenda mashindano ya dunia nchini Marekani, ikawa ya kwanza kutoka Afrika, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika karatasi za umri. Watoto walibaki nyumbani kwa makosa ya makaratasi ambayo watoto hawayaandiki.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kupiga marufuku malipo yote na kuadhibu vikali. Marekani ilishika njia hiyo muda mrefu. Chama cha michezo ya vyuo cha huko, kilichoundwa mwaka 1906, kilikataza wanafunzi kulipwa, na fedha zikaingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1987 kilikifungia chuo kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas, kisicheze mpira wa Kimarekani msimu mzima, kwa kuwalipa wachezaji kwa siri. Gavana wa Texas, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la chuo hicho, alikiri kwamba alikubali malipo hayo yaendelee. Walionyang'anywa msimu walikuwa wanafunzi. Yeye alibaki gavana.

Sheria hizo hizo ziliwahi kumwelemea mgeni. Chuo Kikuu cha Howard, cha watu weusi, kilitwaa ubingwa wa soka mwaka 1971 kikiwa na wachezaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, kisha kikavuliwa ubingwa huo. Mahakama ilikuja kuona kwamba kanuni iliyowahusu wanafunzi wa kigeni peke yao haikupatana na katiba, lakini kombe halikurudi. Hatimaye ukuta ulibomoka: mwaka 2021 wanafunzi waliruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na mwaka 2025 vyuo vyenyewe viliruhusiwa kuwalipa.

Mbarara haina mabilioni hayo, wala haifai kuiga kila kitu. Funzo lililopo ni kwamba malipo yanayofichwa ndiyo yanayozaa rushwa. Kumlipia karo mwanafunzi hodari si dhambi. Basi ufadhili huo na uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mzazi, na usikatwe kwa sababu ya goti. Umri na jina la kijana mkimbizi vithibitishwe kwa daftari la serikali, si kwa karatasi ya dukani. Na asiye na cheti asihesabiwe kuwa mdanganyifu kabla ya kusikilizwa. Tena kanuni zimshike kwanza aliyeghushi na aliyelipa, awe mwalimu, mkuu wa shule au tajiri mpenda timu, kabla ya kumfikia kijana.

Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga. Chama cha michezo kinachomfungia kijana wa miaka kumi na saba na kumpigia makofi aliyemnunua hakijaupiga vita udanganyifu. Kimeupunguzia gharama tu. Vijana wa Nakivale wamekwisha kupoteza nchi na nyumba. Wanaosimamia viwanja vya Mbarara wana wajibu wa kuhakikisha kwamba hawapotezi pia majina yao.