Mtafiti wa Baada ya Uzamivu na Shamba la Mihogo: Nafasi ya Kazi Ifuate Swali



Mada yangu inahusu nafasi moja ya kazi: nafasi ya mtafiti aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, anayeajiriwa kwa miaka michache kuchunguza magonjwa ya mimea katika ngazi ya molekuli, hasa upande wa epijenetiki. Vijana wetu huziomba nafasi za aina hii Ulaya, Marekani na China. Naamini tunaweza kuwa nazo hapa Afrika Mashariki, na zao la kuanzia ni mhogo. Ila tukinakili tangazo la kazi la wenzetu neno kwa neno, tutaajiri mtu hodari na kumkosesha kazi ya maana.

Nianze na fani yenyewe, kwa kifupi. Epijenetiki huchunguza mabadiliko ya utendaji wa jeni yanayoweza kurithiwa bila mpangilio wa herufi za DNA kubadilika. Alama inayochunguzwa zaidi kwenye mimea ni methili, kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni kinachobandikwa kwenye herufi C. Alama hizo zikijaa kwenye sehemu inayowasha jeni, kwa kawaida jeni hunyamaza. Wengi huifahamu fani hii kupitia utafiti wa saratani, lakini baadhi ya misingi yake iliwekwa na watu waliokuwa wakishughulikia magonjwa ya mimea. Mwaka 1928 Wingard, huko Marekani, alieleza kuhusu tumbaku iliyoshambuliwa na virusi, majani ya chini yakaugua vibaya, kisha yale ya juu yakachipua safi na kukataa kuambukizwa tena. Mwaka 1994 Wassenegger na wenzake, Ujerumani, walionyesha kwa kutumia viroidi, vimelea vidogo vya RNA tupu, ndani ya tumbaku kwamba RNA inaweza kuelekeza methili ibandikwe kwenye DNA inayofanana nayo. Mwaka 1999 Hamilton na Baulcombe, Uingereza, wakazipata RNA fupi ambazo mmea hutumia kumtambua adui na kumnyamazisha.

Aliyelima mhogo amekwisha kuliona jambo la Wingard kwa macho yake. Chukua mche wenye ugonjwa wa virusi uitwao batobato, wa aina inayovumilia. Majani ya chini yamejikunja, yana mabaka ya njano na kijani, upande mmoja wa jani umedumaa kuliko mwingine. Panda na macho kwenye shina: jani la kumi na mbili hivi lina doa dogo tu karibu na kikonyo, na yaliyo juu yake yamenyooka, ya kijani kitupu. Hakuna aliyepuliza dawa. Ukikata pingili kutoka sehemu ya juu ya shina hilo na kuzipanda, baadhi huota bila ugonjwa. Wakulima wanalijua hili na wengine huchagua pingili za kupanda kwa kulizingatia.

Kinachotokea ndani tunakijua kwa sehemu. Virusi vya batobato vina DNA ya duara, vipande viwili, kila kimoja kikiwa na herufi zipatazo 2,800. Vikiletwa na inzi weupe huingia kwenye kiini cha seli, na humo DNA yao huzungushwa kwenye histoni za mmea kama ilivyo kwa kromosomu. Mmea hujibu kwa kukatakata RNA ya virusi na kuibandika methili DNA yao. Virusi navyo vina silaha: protini zao mbili, AC2 na AC4, huvuruga kazi hiyo. Kwa hiyo batobato ni mvutano wa kiepijenetiki unaoendelea katika kila jani. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa mhogo, ambayo humwachia mkulima mhogo wenye mabaka makavu ya kahawia ndani huku majani yakionekana ya kuridhisha, husababishwa na virusi vya RNA. Hivyo hakuna DNA yao ya kubandikwa methili. Mtafiti asiyezitofautisha vizuri hali hizi mbili atapoteza msimu mzima.

Sisi si wageni wa magonjwa haya. Batobato ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Warburg, kwa mimea ya huku huku Tanganyika. Michirizi ya kahawia ilielezwa na Storey mwaka 1936, naye alikuwa Amani, milimani Usambara. Hapo Amani wakaanza kuuchavusha mhogo kwa ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii. Kutoka kazi hiyo ilipatikana Namikonga, ambayo Kenya huitwa Kaleso, inayostahimili michirizi hadi leo. Na damu ya Amani ilifika Nigeria na kuingia katika aina nyingi zinazostahimili batobato. Kazi ile ilifanywa na watu waliokaa na mimea yao miaka mingi, msimu baada ya msimu.

Sasa nije kwenye kisa ambacho, kwangu, kinaeleza nafasi hii ya kazi iweje.

Kuna mihogo ya asili ya Nigeria, kama TME 3 na TME 204, yenye kinga ya batobato inayoitwa CMD2. TME 204 inapendwa na wakulima wa Afrika Mashariki, ila michirizi huimaliza. Watafiti wakaiongezea kinga ya michirizi maabara, kwa njia ya kukuza vijusi kutoka chembe za kawaida za mmea, kisha wakaipanda katika mashamba ya majaribio yaliyodhibitiwa. Matokeo yaliyochapishwa na Beyene na wenzake mwaka 2016 yaliwashangaza wengi: mimea yote iliyopitia hatua ya vijusi ilikuwa imepoteza kinga ya batobato. Ile iliyozalishwa maabara kwa vichipukizi tu ilibaki na kinga yake. Upotevu huo ukaendelea kwenye pingili na hata kwenye mbegu. Aina zenye kinga za namna nyingine hazikuathirika.

Mtu yeyote wa epijenetiki angeruka kwa furaha. Inafahamika kwamba ukuzaji wa chembe maabara huvuruga methili, na hapa palikuwa na badiliko linalorithiwa, linalojirudia, linalotokea katika hatua maalumu. Dhana ilikuwa nzuri mno. Jenomu nzima ikasomwa kwa bisulfaiti, kemikali inayobadilisha herufi C isiyo na methili na kuiacha ile yenye methili, hivyo tofauti ikaonekana herufi kwa herufi. Watafiti hawakupata utaratibu wa kiepijenetiki unaoeleza upotevu ule. Wakarudi kwenye mpangilio wa DNA wenyewe, wakalibana eneo la CMD2 hadi herufi elfu 190, na mwaka 2022 Lim na wenzake wakachapisha jibu: kinga inatokana na badiliko la herufi moja katika jeni ya MePOLD1, inayotengeneza sehemu ya kimeng'enya cha kunakili DNA.

Kuna wanaosema kisa hiki kinaonyesha epijenetiki haina kazi kwenye mhogo. Sikubaliani nao hata kidogo. Virusi vya batobato havina kimeng'enya chao cha kunakili DNA. Hutegemea cha mmea. Ikiwa badiliko la MePOLD1 linapunguza kasi ya kunakiliwa kwa virusi, huenda ndilo linaloupa mmea muda wa kubandika methili kabla adui hajazidi nguvu, na majani ya juu yakatoka safi. Hilo ni swali linalopimika: chukua mimea ya asili na ile iliyopoteza kinga, iambukize siku moja, pima wingi wa virusi, RNA fupi na methili kwenye DNA ya virusi jani kwa jani kuanzia chini kwenda juu. Swali la pili linahusu pingili. Mhogo hauanzi upya kwa mbegu kila msimu; shina lile lile huendelea kwa miaka. Je, pingili iliyotoka kwenye mche uliopona hubeba alama yoyote inayousaidia mche mpya? Maswali hayo mawili yanatosha kwa mkataba mmoja.

Hapo ndipo matangazo ya kunakili yanapotuponza. Mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa haufai, kwa sababu mhogo huhitaji miezi tisa hadi kumi na miwili kukomaa, na swali la pingili linadai vizazi visivyopungua viwili. Miaka mitatu ndiyo kiwango cha chini. Vigezo navyo visihesabu machapisho peke yake. Mtu huyu ajue kutoa DNA safi kwenye jani la mhogo, lenye utomvu unaosumbua. Ajue kuandika programu za kuchambua data za bisulfaiti. Na akubali kutembea mstari kwa mstari akitoa alama za ugonjwa kwa jicho. Akipungukiwa na moja, apewe mwenzake wa kumfundisha. Wapo mafundi wa mashambani wenye jicho kali kuliko sisi wote, na majina yao yaingie kwenye machapisho.

Jambo ambalo ningependa liandikwe waziwazi katika mkataba ni hili: matokeo yasiyothibitisha dhana yatahesabiwa kuwa kazi iliyokamilika. Bila wale waliokubali kwamba bisulfaiti haikuwapa jibu, MePOLD1 isingefikiwa kwa wakati. Kijana anayejua kwamba mkataba wake utakufa asipopata methili, ataipata tu, hata kama haipo.

Na bustani ya pingili ianze kabla ya ajira. Mimea mama ya aina zitakazotumika ipimwe virusi na kupandwa masika, mahali pasipo na inzi weupe wengi, ili mtafiti akiripoti kazini kabla ya masika yanayofuata akute mashina yaliyokomaa, yenye lebo na historia iliyoandikwa. Tukisubiri mpaka afike ndipo tutafute pingili, mwaka wa kwanza kati ya mitatu utakuwa umekwenda. Napendekeza kikao hiki kikubaliane leo ni kituo gani kitakachoanza kupanda.