Kabla ya Kuondoka, Tupime

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya gari dogo na mzigo wake.

Huko Uingereza wako watu wengi wanaosafiri wakati wa likizo na karavani, yaani kijumba chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari. Ndani yake mna vitanda, meza na jiko la gesi. Mwaka 1885 Daktari William Gordon Stables alizunguka nchi hiyo katika kijumba kizito kilichovutwa na farasi wawili. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili, Bwana Sam Alper wa kampuni ya Sprite alianza kutengeneza karavani nyepesi za bei nafuu. Hapo hata mwenye gari dogo akaweza kuivuta nyumba yake mpaka ufukoni mwa bahari.

Wakati mmoja sisi wawili, mume na mke, tulikuwa wageni wa rafiki yetu huko. Alitualika tufuatane naye kwenda Devon. Mkewe alikuwa ametangulia kwa treni, kwa hiyo garini tulikuwa watu wanne: yeye, binti yake wa miaka saba, na sisi.

Rafiki yetu alikuwa mtu mwangalifu. Gari lake lilikuwa na uzito wa kilo 1,000. Alijua shauri ambalo waanzaji hupewa, kwamba karavani pamoja na mzigo wake isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari, yaani kilo 850 kwa gari kama lile. Kijumba kitupu kilikuwa kilo 700, na mizigo tulikadiria kilo 130. Jumla ni 830. Hesabu ilikuwa sawa. Tukapakia vitu upesi upesi, kila mtu akiweka alichoshika mahali palipokuwa wazi. Maji lita 40 tuliyaweka nyuma kabisa, karibu na mlango. Vyakula vya makopo, nyuma. Baiskeli mbili tulizifunga nje, nyuma pia. Kisha tukainamisha vichwa, tukaomba safari njema, tukaondoka.

Tulipokuwa katika barabara kuu ya M5, tulifika kwenye daraja refu la Avonmouth, karibu na Bristol. Pale juu upepo ni mkali. Tulikuwa tukienda maili 60 kwa saa, mwendo ambao sheria inauruhusu. Lori kubwa likatupita. Tukasikia gari likisukumwa kando, kisha likavutwa upande wa pili. Tulipotazama nyuma, karavani ilikuwa inayumba kama mkia wa nyoka, na kila mara ikiyumba zaidi. Rafiki yetu akakanyaga breki, mambo yakawa mabaya zaidi. Mtoto akaanza kulia. Sisi hatukuwa na neno la kusema.

Ndipo rafiki yetu akaondoa mguu, asikanyage mafuta wala breki, akashika usukani ukiwa umenyooka, asijaribu kuifuata karavani kushoto na kulia. Mwendo ukapungua wenyewe. Polepole mkia ule ukatulia. Tulifika mahali pa kupumzikia magari, tukashuka huku magoti yakitetemeka.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kando ya karavani yake alitujia. Alizitazama zile baiskeli, akauliza, "Bwana, ni nani aliyepanga mizigo hii?"

Rafiki yetu akajibu, "Ni sisi sote."

Mzee hakutulaumu. Alileta mizani ya kupimia uzito wa mtu. Tukaiachanisha karavani na gari, naye akaweka mizani na kipande cha mbao chini ya ile pua yake inayofungwa kwenye gari. Mizani ikaonyesha kilo 15. Akatueleza kwamba pua inapasa kulilemea gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa karavani. Kwa karavani yetu ilikuwa kilo 40 na zaidi, mradi isipite kipimo ambacho gari lenyewe limewekewa.

Ninyi mliopata kusukuma mkokoteni mtaelewa mara moja. Ukijaza mzigo wote nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka, nawe huna nguvu ya kuuongoza. Ukijaza wote mbele, unakulemea mpaka mgongo unauma. Mzigo mzito hukaa chini, juu ya magurudumu, na mbele kidogo. Ndivyo ilivyo karavani.

Tukamwaga maji, kwa maana maji hupatikana hata mwisho wa safari. Makopo tukayaweka sakafuni juu ya magurudumu. Baiskeli tukazilaza ndani, tukazifunga zisisogee. Tukapima tena: kilo 50. Tukatazama na upepo wa matairi. Kisha tukaendelea kwa maili 50 kwa saa, na kwenye mteremko tulishuka kwa gea ndogo kabla mzigo haujaanza kutusukuma. Tulifika Devon jioni. Yule mtoto alikuwa amelala.

Ndugu zetu, tumelifikiria jambo hili mara nyingi. Gari lile halikuwa dogo mno, wala mzigo haukuzidi. Ni mzigo ule ule, gari lile lile, barabara ile ile. Kosa lilikuwa mahali tulipouweka, nyuma kabisa, ambapo dereva haoni.

Na kuna jambo la pili. Tuliomba kabla ya kuondoka, na hatujutii kuomba. Lakini mizani ile ilikuwa kitu cha shilingi chache, na kuitumia ni kazi ya dakika tano. Tulimwachia Mungu kazi ambayo alikuwa ametupa mikono ya kuifanya sisi wenyewe, na mtoto wa mwenzetu alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Huenda wewe unayesikiliza hutavuta karavani maisha yako yote. Lakini labda leo utapakia pikapu, au mkokoteni, au utamweka mtoto juu ya magunia. Labda ni mzigo wa nyumba yako, nawe unanung'unika kwamba nguvu zako ni kidogo. Kabla ya kulilaumu gari, fungua mlango wa nyuma utazame. Kisha pima. Kisha omba, uondoke polepole.

Kwaherini, hadi juma lijalo.