Kulisoma Jedwali la Joto la Chumba cha Chanjo

Maelezo ya Fundi Sanifu wa Majengo wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata



Nimeagizwa nieleze namna inavyotumika programu ya kusimamia majengo ya hospitali yetu ya wilaya. Programu hiyo huangalia pampu za maji, jenereta, viyoyozi vya chumba cha upasuaji na mengineyo. Ya pampu nitayaacha, kwani pampu ikisimama kila mtu hujua. Nitasema juu ya chumba cha baridi cha chanjo, ambako hitilafu hupita kimya.

Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo ya surua huharibiwa na joto. Ya pepopunda na ya homa ya ini aina B huharibiwa na kuganda; tena ikishaganda na kuyeyuka, chupa yaweza kuonekana kama ilivyokuwa. Mtoto atachomwa, kadi itaandikwa, mama atarudi nyumbani ameridhika, na kinga isiwepo. Habari za usiku wa hitilafu hiyo hubaki ndani ya jedwali la programu, zikimngoja mtu wa kuzisoma.

Chumba kina vipimajoto vinne, na kila kimoja huandika kipimo kila baada ya dakika 10. Kwa siku hiyo ni mistari 576. Kompyuta huonyesha mistari 50 kwa ukurasa, ya karibuni ikiwa juu. Basi anayefungua saa nne asubuhi, akaona nyuzi 5 kutoka juu hadi chini, ameona habari za tangu saa mbili tu. Kilichotokea saa nane usiku kiko ukurasa wa nne, na wengi hawafiki huko.

Kwa hiyo kwanza huchaguliwa muda: tangu lini hadi lini. Hapo pana mtego wa saa. Saa nane usiku huandikwa 02:00, jambo tulilolizoea katika simu zetu. Lakini ikiwa mtambo umepangwa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, tukio hilohilo huandikwa 23:00 ya siku iliyotangulia. Anayelitafuta tarehe 12 atalikosa, kwa kuwa limo katika tarehe 11.

Kisha hubofywa kichwa cha safu ya joto, na mistari hujipanga kuanzia kipimo kidogo. Ukibofya tena, kikubwa huja juu. Nasisitiza kubofya mara zote mbili. Sisi watu wa nchi ya joto huogopa joto, tukasahau kwamba jokofu lililoharibika laweza pia kugandisha. Tena mwangalie tarakimu zimejipangaje. Mara nyingine kompyuta huzichukulia tarakimu kama maneno, ikazipanga kwa alama ya kwanza, hapo 10.4 hushuka chini ya 2.1, na 9.8 hukaa kileleni kana kwamba ndiyo kubwa kuliko zote. Jambo hili hutokea hasa jedwali linapohamishiwa katika programu nyingine kwa ajili ya kuchapwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kichujio. Mtu wa zamu akichuja jedwali limwonyeshe vipimo vya juu ya nyuzi 8 pekee, kisha akaondoka bila kukifuta, anayemfuata hukuta jedwali tupu na kudhani usiku ulikuwa salama. Hata kichujio hicho kikiwa sahihi, hakionyeshi kipimajoto kilichokatika waya: mahali pasipo na tarakimu hapazidi 8, kwa hiyo mstari huo hufichwa pamoja na ile mizuri. Nafasi tupu ihesabiwe kuwa hitilafu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wapo waliosema mambo haya ni ya wataalamu na hayafai kuletwa kwenye mkutano wa kata. Kwa maoni yangu, anayeweza kusoma kadi ya kliniki ya mwanawe aweza kusoma jedwali hili.

Kila Jumatatu, karatasi moja itabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na dirisha la mapokezi. Itakuwa na vipimo kumi vya chini kabisa na kumi vya juu kabisa vya wiki iliyopita, kichujio kilichotumika kama kipo, na idadi ya mistari yote. Kwa wiki nzima idadi hiyo ni 4,032. Mkiona imepungua, mwulizeni mganga mfawidhi mistari iliyopungua ni ya siku gani na saa ngapi, na kama chanjo zilizokuwamo chumbani saa hizo zimekaguliwa kabla ya kutolewa. Wajumbe wawili wa Kamati ya Afya watakuwapo jedwali linapochapwa. Majina yao yatapendekezwa na mkutano huu, leo, kabla hatujatawanyika.